Mlima wa Moto Unapozuia Ndege: Mwongozo kwa Msafiri wa Likasi

Mji wa Likasi, ulioitwa Jadotville hadi mwaka 1966, hauna mlima wa moto jirani, kwa kuwa Nyiragongo, ambao ndio mkazi wa jimbo letu la Haut-Katanga husikia habari zake mara nyingi zaidi, uko zaidi ya kilomita 1,000 upande wa kaskazini. Lakini umbali wa nyumba na mlima si umbali wa tiketi na mlima. Mkazi wa Likasi hupandia ndege katika uwanja wa Luano huko Lubumbashi, baada ya mwendo wa kilomita zipatazo 120 kwa barabara, na safari nyingi za nje zinazoanzia hapo hupitia Addis Ababa au Nairobi, miji iliyo kando ya Bonde la Ufa, yaani ule mpasuko mrefu wa ardhi ambamo volkano nyingi za Afrika Mashariki zimejipanga. Mfanyabiashara anayekwenda Dubai au Guangzhou kuleta bidhaa, mgonjwa anayepelekwa India na mwanafunzi anayerejea Ubelgiji, wote wanaweza kuzuiwa na mlima ambao hawajapata kuusikia ukitajwa.

Mlipuko unapotangazwa, swali la kwanza la msafiri ni kilichofungwa: ni uwanja wa ndege, au ni anga? Uwanja hufungwa pale ambapo lava, yaani mawe yaliyoyeyuka yanayotiririka juu ya ardhi, au matetemeko, au gesi, vinautishia uwanja ule mmoja. Anga hufungwa pale ambapo majivu hupanda hadi kimo cha mapito ya ndege na upepo ukayachukua kuvuka mipaka ya nchi. Habari za redio huzitaja volkano kana kwamba zote ni za namna moja, ilhali uamuzi wa kungoja au kugeuza njia hutegemea tofauti hiyo karibu peke yake.

Uwanja unapofungwa

Nyiragongo, wenye kimo cha mita 3,470, ni mfano ulio wazi wa hali ya kwanza. Lava yake ina kiasi kidogo cha silika, ile asili ya mchanga na kioo, na kwa sababu hiyo ni nyepesi mno, hutiririka kama uji badala ya kuziba koo la mlima na kulipuka kwa nguvu kwenda juu. Tarehe 10 Januari 1977 ziwa la lava lililokuwa ndani ya kasoko, yaani shimo la kileleni, lilitoboa mbavu za mlima na kumwagika kwa muda usiozidi saa moja. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilikata mji wa Goma, ulio chini ya mlima huo, hadi Ziwa Kivu na kufunika sehemu ya kaskazini ya njia ya kurukia ndege, na kwa miaka mingi baada ya hapo marubani walitua kwenye njia iliyopunguzwa urefu, kwa maana lava iliyoganda ni mwamba, haifagiliwi kama tope la mvua. Jioni ya tarehe 22 Mei 2021 mlima ulipasuka tena. Lava ikakata barabara ya kwenda Rutshuru, ikateketeza makazi ya kaskazini mwa mji, ikasimama karibu na uwanja bila kuuingia, na watu wasiopungua 32 wakafa katika maafa hayo.

Kwa msafiri, funzo la mwaka 2021 limo katika mfuatano wa mambo. Lava ilisimama mapema, lakini matetemeko yakaendelea kwa siku nyingi, nyufa zikaonekana mjini, na tarehe 27 Mei gavana wa kijeshi wa Kivu Kaskazini, Jenerali Constant Ndima, akaamuru mitaa 10 kati ya 18 ya Goma ihamwe, kwa hofu kwamba magma, yaani mawe yaliyoyeyuka yangali chini ya ardhi, ilikuwa imepenya chini ya mji na chini ya ziwa. Watu wapatao 400,000 waliondoka kuelekea Sake, Minova, Rutshuru, Bukavu na Rwanda. Basi mtu wa Likasi aliyesikia kwamba lava imesimama, akafunga mizigo yake kwa ajili ya safari ya siku ya tatu, angekuwa amesoma habari nusu. Volkano ya namna hii inapofunga uwanja, tarehe ya kufunguliwa haitegemei moto unaoonekana, bali hutegemea ardhi iliyo chini yake, na wenye kuipima ni wataalamu wa Kituo cha Uchunguzi wa Volkano cha Goma, kinachojulikana kwa kifupisho cha Kifaransa OVG. Taarifa ya OVG ndiyo ya kuangaliwa kwanza, na tangazo la kampuni ya ndege lifuate.

Katika hali hiyo mbingu nzima iliyobaki huwa wazi, na ndiyo nafuu yake. Msafiri anaweza kuendelea na safari kwa kutua mji mwingine na kumalizia kwa barabara, mradi ahakikishe kwanza kama barabara hiyo haikukatwa na kama mpaka uko wazi. Anayekwenda Goma huifikiria njia ya Kigali, ambako ndege hutua bila kuujali mlima, kisha gari humfikisha Gisenyi, mpakani na Goma, kwa saa chache. Tena njia hiyo inafaa kujulikana hata mlima ukiwa umelala, kwa sababu uwanja wa Goma hufungwa pia na vita, kama ilivyotokea mwishoni mwa Januari 2025 mji ulipoingia mikononi mwa waasi wa M23.

Anga linapofungwa

Hali ya pili ni ngumu zaidi kuielewa, kwa kuwa kinachozuia safari hakionekani kutoka chini. Majivu ya volkano hayafanani na majivu ya mkaa wa jikoni, wala na vumbi jekundu linalotanda Likasi wakati wa kiangazi. Yenyewe ni vipande vidogo sana vya mwamba na kioo, vyenye ncha kali, visivyoyeyuka katika maji. Ndani ya injini ya ndege ya jeti joto hupita lile linaloyeyusha kioo hicho, kwa hiyo majivu yanayonyonywa huyeyuka, hunata kwenye mapanga ya injini na kuganda tena, hata hewa ikakosa njia na injini ikazimika. Vilevile hukwaruza vioo vya mbele mpaka rubani asione nje. Rada ya ndege, ambayo kazi yake ni kuonyesha matone ya mvua, haiyaoni majivu hayo, na usiku rubani hawezi kuyatofautisha na wingu la kawaida.

Hofu hii ina historia. Tarehe 24 Juni 1982 ndege ya British Airways yenye watu 263 iliingia katika majivu ya mlima Galunggung karibu na kisiwa cha Java, injini zake zote nne zikazimika, ikateremka bila nguvu ya injini kutoka kimo cha mita zipatazo 11,000 hadi ilipotoka katika wingu, injini zikawashwa upya na ikatua Jakarta. Tarehe 15 Desemba 1989 ndege ya KLM ilipatwa na jambo lilelile juu ya Alaska, kwa majivu ya mlima Redoubt. Kutokana na matukio hayo dunia iligawanywa kati ya vituo tisa vya kufuatilia majivu, na kile kinachoangalia Afrika kiko Toulouse, Ufaransa. Taarifa zake hupokewa na mamlaka za kila nchi, nazo ndizo zinazoamua juu ya anga lao, ambapo nchini Kongo kazi ya kuongoza ndege na kuendesha viwanja ni ya shirika la RVA.

Mlipuko mmoja unaweza kugusa watu walio mbali kiasi gani, hilo lilijulikana mwezi Aprili 2010, pale mlima Eyjafjallajökull wa Iceland ulipofunga sehemu kubwa ya anga la Ulaya kwa takriban siku sita, safari za ndege zipatazo 100,000 zikafutwa, na wakulima wa maua wa Kenya wakatupa mazao yao kwa sababu ndege za mizigo hazikuweza kuondoka Nairobi. Kwa msafiri wa Likasi, hata hivyo, mifano ya Pembe ya Afrika ina uzito zaidi. Mwezi Juni 2011 mlima Nabro wa Eritrea ulilipuka, na majivu yake yakamfanya hata waziri wa mambo ya nje wa Marekani wa wakati huo, Hillary Clinton, aondoke Addis Ababa kabla ya muda aliopanga. Tarehe 23 Novemba 2025 mlima Hayli Gubbi katika jimbo la Afar, Ethiopia, ambao hakuna aliyekuwa na kumbukumbu ya mlipuko wake, ulirusha majivu hadi kimo cha kilomita zipatazo 14. Upepo ukayavusha Bahari ya Shamu, yakapita Yemen na Oman, na siku zilizofuata safari kadhaa za ndege zikafutwa nchini India. Hiyo ndiyo njia ya wagonjwa na wafanyabiashara wa Katanga wanaobadilisha ndege Addis Ababa. Msafiri akumbuke jambo moja katika mfano huo: mlima ulikuwa Ethiopia, lakini safari zilivurugika zaidi kule upepo ulikoelekea. Kwa hiyo jina la nchi yenye mlima halitoshi. Lazima kujua upepo wa juu unakwenda wapi.

Kusoma taarifa na saa zake

Taarifa za majivu hukadiria mahali wingu litakapokuwa baada ya saa 6, 12 na 18, na hapo ndipo elimu ya wataalamu inapoishia kwa kadiri ya kuaminika. Mtu yeyote, awe wakala wa tiketi au mfanyakazi wa uwanja, anayemwahidi msafiri kwamba ndege zitaruka baada ya siku nne, anatoa matumaini yake mwenyewe. Baadhi ya taarifa hutumia pia rangi, kuanzia kijani, yaani mlima umetulia, kupitia njano na chungwa, hadi nyekundu, yaani mlipuko wenye majivu unaendelea au u karibu sana. Na ni vizuri kuelewa kwamba rangi hizo zimewekwa kwa ajili ya usafiri wa anga, hivyo nyekundu ya mlima wa jangwani haina maana kwamba mji jirani umeangamia.

Saa za taarifa hizo huandikwa kwa saa ya kimataifa iitwayo UTC. Likasi, pamoja na upande wote wa mashariki wa Kongo, iko mbele ya UTC kwa saa 2, Kinshasa kwa saa 1, na Addis Ababa na Nairobi kwa saa 3. Basi taarifa inayosema 12:00 UTC inamaanisha saa nane mchana Likasi, saa saba Kinshasa na saa tisa Addis Ababa. Waethiopia nao huhesabu saa kuanzia alfajiri kama Waswahili, na aliyekwama huko atashangaa kuona kwamba saa tatu anayotajiwa na dereva wa hoteli ni saa tatu ya asubuhi anayoijua yeye, ilhali tiketi na ubao wa uwanjani hufuata hesabu ya saa 24. Kosa la saa sita katika siku ambayo ndege ni chache ni kosa la gharama kubwa.

Kungoja au kugeuza njia

Aliyeko Likasi bado ana faida moja kubwa, nayo ni kwamba yuko nyumbani. Haimpasi kwenda Lubumbashi kulala hotelini akisubiri habari. Anapaswa kubaki Likasi mpaka kampuni ithibitishe kwamba ndege yenyewe, inayotoka mahali pengine kuja kuwachukua abiria, imekwisha kuruka au imepangiwa saa, kwa kuwa Luano inaweza kuwa na anga safi kabisa huku ndege inayongojewa imefungiwa Addis Ababa.

Kama ni lazima kusafiri, njia mpya ichaguliwe kwa kulitazama wingu, wala si kwa kutazama ramani ya njia fupi. Majivu yakiwa Pembe ya Afrika, njia ya kusini kupitia Johannesburg hukaa mbali nayo. Yakiwa Ulaya, hakuna faida ya kukimbilia Kinshasa au Nairobi, kwa sababu mlango uliofungwa ni wa kule mwisho wa safari. Zambia nayo haiko mbali: kutoka Lubumbashi barabara hufika Kasumbalesa, mpakani, kisha hupita miji ya migodi hadi Ndola, penye uwanja wa kimataifa, na mbele zaidi Lusaka. Njia hii ina matatizo yake, hasa foleni za malori ya shaba pale mpakani, masharti ya viza yanayopaswa kuulizwa kabla ya kuondoka, na mizigo ambayo kampuni imekwisha kuipokea Luano na isiyoweza kumfuata msafiri kwa teksi.

Hapa tiketi yenyewe huwa muhimu kuliko fedha. Safari yote ikiwa imeandikwa katika tiketi moja, hata kama ni ya ndege tatu, kampuni iliyoitoa inawajibika kumfikisha abiria mwisho wake au kumrudishia nauli. Lakini wengi wa Katanga hununua tiketi ya Lubumbashi hadi Kinshasa kwa kampuni moja na ile ya Kinshasa hadi Ulaya kwa nyingine, kwa sababu ni nafuu. Na sehemu ya kwanza ikikwama, kampuni ya pili humhesabu kuwa abiria asiyefika, nayo humfutia nafasi, wakati mwingine hata ya kurudi. Mwenye tiketi mbili anapaswa kuiarifu kampuni ya pili kwa maandishi kabla ya saa ya kuondoka, na aliyenunua kwa wakala arudi kwa wakala huyo, maana mara nyingi kampuni haiwezi kubadilisha tiketi iliyouzwa na mtu mwingine. Tena asikubali haraka kurudishiwa nauli: akishaipokea, wajibu wa kampuni wa kumtafutia ndege nyingine huisha, na bei za siku hizo hupanda.

Katika mkoba wa mkononi, si katika sanduku linalopakiwa, kuwe na pasipoti, kadi ya manjano ya chanjo ya homa ya manjano, dawa za wiki moja zaidi ya siku zilizopangwa, na dola ambazo hazijachanika, kwani noti yenye mpasuko, inayokataliwa hata sokoni Likasi, haitapokelewa ugenini pia. Fedha zilizo kwenye simu ya Kongo hazitegemewi nje ya nchi mpaka mtandao wenyewe umethibitisha hivyo.

Aliyekutwa karibu na mlima

Mkazi wa Likasi aliyekwenda Goma kwa biashara au msiba anaweza kukutwa na mlipuko wenyewe, na hapo habari ya ndege husubiri. Lava ya Nyiragongo ina kasi kwenye miteremko na hupunguza mwendo ikifika tambarare, kwa hiyo ni kuondoka kwa njia ya pembeni ya mkondo wake, si kukimbia mbele yake. Ikisimama, ganda lake huonekana jeusi na gumu huku ndani likiwa bado na moto na likitoa gesi. Mwaka 2021 wapo waliokufa kwa kujaribu kuvuka lava iliyodhaniwa kupoa. Mwaka 2002 makumi ya watu walikufa katika kituo cha mafuta kilicholipuka walipokuwa wakichota mafuta, siku chache baada ya lava kupita.

Gesi hudai uangalifu wa aina mbili. Ya kwanza ni dioksidi ya salfa, yenye harufu kali ya kiberiti, ambayo mtu aliyekulia Shituru, huko Likasi, karibu na viwanda vya asidi, anaitambua puani kabla ya kuitambua kwa jina. Hiyo huonya kwa kuwasha koo na macho. Ya pili ni hewa ya ukaa inayotoka ardhini, ambayo haina harufu wala rangi, nayo ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hivyo hujikusanya mabondeni na mashimoni. Watu wa Goma huita mahali hapo mazuku, na mgeni anayelala chini kwenye bonde katika usiku wa kukimbia anaweza asiamke. Ni kulala mahali palipoinuka, na kuwazuia watoto wasishuke penye mitaro na mashimo. Watoto wenyewe wawekewe mfukoni karatasi yenye majina ya wazazi na namba za simu, kwani mwaka 2021 UNICEF iliripoti zaidi ya watoto 150 waliotengana na familia zao.

Majivu yakidondoka, maji ya mvua yanayokingwa kutoka paani huharibika kwanza, kama ilivyotokea Ngazija katika visiwa vya Komoro mwaka 2005, mlima Karthala ulipochafua matangi ambayo wenyeji waliyategemea kwa kunywa. Tangi lifunikwe na bomba la paa litenganishwe kabla ya majivu kufika. Na kuyachemsha maji yaliyokwisha kuingia majivu hakuyasafishi, kwa kuwa tatizo lake ni madini wala si vijidudu.

Madai baada ya safari

Sheria nyingi huihesabu volkano kuwa jambo lisiloweza kuzuiwa na kampuni, na Mkataba wa Montreal wa 1999, unaosimamia uchukuzi wa kimataifa wa ndege, humwondolea mchukuzi fidia ya kuchelewa akithibitisha kwamba alichukua hatua zote zilizowezekana. Fidia, hata hivyo, ni tofauti na matunzo. Kwa anayeondoka katika uwanja wa Umoja wa Ulaya, tuseme Brussels, kwa kampuni yoyote, au anayekwenda huko kwa kampuni ya Ulaya, kanuni namba 261 ya mwaka 2004 huitaka kampuni impe chakula, malazi na njia ya kuwasiliana muda wote wa kungoja. Tarehe 31 Januari 2013 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua, katika kesi ya abiria aliyekwama Faro, Ureno, akielekea Dublin wakati wa majivu ya 2010, kwamba wajibu huo hauna kikomo cha siku wala cha fedha, na kwamba kampuni isiyoutimiza italipa gharama alizotumia abiria mwenyewe, mradi ziwe za lazima, zinazofaa na za kiasi. Kwa hiyo risiti ya kila chakula na kila usiku wa hoteli ihifadhiwe, na picha yake ipigwe siku hiyohiyo, kwa sababu wino wa risiti nyingi hufutika kabla dai halijafika ofisini.